Prometheus (2012): Hivi David alimwambia nini yule Injinia mpaka akang'olewa kichwa?

#1 MtazamaNyota (mleta mada)
Wakuu, salaam. Kama hujaitazama Prometheus, ishia hapa, maana uzi huu utakuharibia utamu wote.

Jana usiku nimeirudia, na nimelala na swali lile lile nililotoka nalo mwaka 2012. Ridley Scott alirudi kwenye ulimwengu alioufungua mwenyewe mwaka 1979 kwa Alien, akatuonyesha yaliyotokea kabla, halafu alipofika kwenye tukio zito kuliko yote akatunyima tafsiri.

Tukumbushane. Mzee Peter Weyland, tajiri aliyegharamia safari, amejificha chomboni safari nzima, wengi wakijua ameshafariki. Anapelekwa mbele ya Injinia (jitu la anga linaloaminiwa kuwa muumba wa binadamu) wa mwisho aliye hai, ambaye amelala usingizi wa mashine takriban miaka 2,000. Injinia anaamshwa. Shaw, mwanaakiolojia wa kike wa msafara, anapaza sauti akitaka aulizwe kwa nini wanatuchukia, na mlinzi wa Weyland anamtandika kitako cha bunduki tumboni. Ndipo David, roboti-mtu wa Weyland, anasogea na kutamka maneno machache kwa lugha ya kale. Injinia anamweka kiganja kichwani, anampapasa taratibu kama mtu anayempapasa mtoto. David anatabasamu. Mara kichwa kimeng'oka, na kichwa hicho hicho ndicho kinatumika kumpigia Weyland mpaka anakufa.

Mimi naamini David aliyageuza maneno. Muda mfupi kabla ya hapo Shaw alimuuliza itakuwaje Weyland asipokuwepo tena wa kumwelekeza, naye akajibu kwamba huenda atakuwa huru, akaongeza kwamba kila mtu anatamani wazazi wake wafe. Mtumwa anayesema hivyo, halafu unampa kazi ya kutafsiri?

Nakaribisha hoja.

#2 Mzee wa Kideo
Mkuu, hoja yako ni nzuri ila jibu lilishatolewa. Lugha anayotumia David ilitengenezwa kutokana na ile ambayo wanaisimu wanaikadiria kuwa mama wa lugha za Kihindi-Kiulaya. Mtaalamu aliyeiandaa ni Anil Biltoo, na ndiye huyo huyo anayeonekana kama mwalimu kwenye picha ya mwanga David akijifunza peke yake wengine wamelala. Biltoo aliitafsiri sentensi ile: mtu huyu yuko hapa kwa sababu hataki kufa, anaamini unaweza kumpa uhai zaidi.

Kwa hiyo David hakudanganya. Alifikisha.

#3 MtazamaNyota
Ahsante mzee wangu. Ila hilo linanizidishia swali. Kama alifikisha kwa uaminifu, ghadhabu ile imetoka wapi?

#4 Usiku wa Manane
Nje ya mada kidogo, mkuu, maana hapo wa kudadisiwa si Injinia, ni Scott mwenyewe.

Nilipoitazama Alien mara ya kwanza nilikuwa mdogo, wakubwa wamelala, sauti nimeipunguza mpaka karibu na sifuri. Lile jitu lililokufa kwenye kiti lilinitisha kuliko mnyama mwenyewe. Nahodha Dallas analiangalia, anasema limegeuka mawe, kama limeota kutoka kwenye kiti, mifupa imepinda kwenda nje. Basi. Hakuna maelezo mengine mpaka mwisho wa muvi. Nilikaa na jitu lile kichwani miaka mingi. Nilikuwa nalichora kwenye daftari, kila mara nikilipa historia tofauti.

Mwaka 2012 naambiwa ule mkonga wa usoni mwa jitu ulikuwa ni kofia tu ya vazi la anga, na ndani yake kuna mtu mweupe mwenye kipara na misuli. Niliumia kweli. Kuna vitu vikishafafanuliwa vinapungua.

#5 Binti Sayari
Nakuelewa kaka, lakini tumpe Scott haki yake. Aliwahi kueleza kwamba alishangaa kuona miendelezo yote iliyofuata ikipita bila mtu kuuliza yule wa kwenye kiti ni nani. Yeye ndiye aliyeona kuna swali pale. Wengine walikimbizana na mnyama tu.

#6 Usiku wa Manane
Kuuliza swali sikatai, dada. Kinachoniuma ni jibu lililokuja. Hata ukubwa haulingani. Jitu la 1979 ni kubwa mno. Injinia wa 2012 ni mrefu, sawa, lakini ukimweka kwenye kiti kile cha zamani atapwaya.

#7 Mzee wa Kideo
Hapo kwenye ukubwa ngoja nikupe siri ya jikoni. Mwaka 1979 Scott alitaka ukumbi ule uonekane mkubwa zaidi ya ulivyojengwa, kwa hiyo kwenye picha za mbali aliwavalisha watoto mavazi madogo ya anga: wanawe wawili na mtoto wa mpigapicha. Jicho lako lilidanganywa kwa ustadi, likaamini jitu ni kubwa kuliko hata lilivyotengenezwa. Injinia wa 2012 aliigizwa na Ian Whyte, mcheza kikapu wa zamani mwenye urefu wa zaidi ya mita 2, lakini bado ni binadamu aliyevalishwa.

Tena tusisahau si chombo kile kile. Alien inatokea kwenye mwezi uitwao LV-426 mwaka 2122. Prometheus inatua mwezi mwingine, LV-223, mwaka 2093. Injinia tuliyemwona hakufia kwenye kiti, alifia ndani ya makazi ya Vickers, msimamizi wa safari, yaliyodondoka chini. Kwa hiyo jitu lako la daftarini bado lipo salama kwake, halijafafanuliwa na mtu.

#8 Usiku wa Manane
Hilo la watoto sikulijua. Umenipa kitu cha kwenda kutazama usiku huu.

#9 mwl_seli
Nimesoma yote. Nafundisha baolojia, na muvi hii huwa inanipandisha presha mahali pamoja: Shaw anaweka DNA ya Injinia juu ya DNA ya binadamu, mashine inasema zinalingana. Zinalingana vipi? Sisi na sokwe tunafanana karibu asilimia 98 hadi 99, na tazama tulivyo tofauti. Binadamu wawili wowote wanafanana kama asilimia 99.9. Kiumbe kirefu vile, macho meusi tii, ngozi kama nta, kikilingana nasi kabisa maana yake ni kwamba kile ni binadamu.

Halafu mageuzi yamekwenda wapi? Ikiwa Injinia wa tukio la kwanza la muvi alijimwaga majini Dunia ikiwa changa, basi kila kiumbe kimetoka kwake, kuanzia bakteria hadi uyoga. Mabilioni ya miaka yapite, kisha mwishoni uzaliwe mfano wake yeye? Millburn, mwanabaolojia wa msafara, aliuliza swali hilo hilo kwenye kikao cha kwanza, kwamba wanatupa karne tatu za nadharia ya Darwin. Na alichojibiwa na Shaw ni kwamba ameamua kuamini hivyo. Mwanafunzi wangu akinijibu hivyo nampa sifuri.

#10 Binti Sayari
Mwalimu, shikamoo. Karne tatu kwa sababu wao wako 2089 na kuendelea, hesabu ya Millburn ni ya kukadiria, lakini nimekuelewa.

Kuhusu yule anayekunywa majimaji meusi kwenye maporomoko, Scott alisema si lazima pale pawe Dunia, inaweza kuwa sayari yoyote. Tunaonyeshwa jinsi wanavyofanya kazi yao: mmoja anajitoa, mwili unasambaratika, DNA inakatika na kujiunga upya majini. Inawezekana kwetu walikuja baadaye sana, wakakuta viumbe vipo, wakarekebisha.

#11 Mgeni77
Pale maporomoko si ndio Scotland? Kisiwa cha Skye?

#12 Binti Sayari
Hapana ndugu, umechanganya mbili. Skye ni lile pango lenye mchoro wa miaka 35,000, Shaw na mpenzi wake Holloway wanaligundua mwaka 2089 kwenye hadithi. Maporomoko ni Dettifoss, Iceland. Karibu uzini.

#13 mwl_seli
Marahaba binti. "Wakarekebisha" naweza kulimeza. Lakini muvi haikusema, umesema wewe. Hilo ndilo tatizo langu na Prometheus: mashabiki tunaifanyia kazi ambayo waandishi waliiacha mezani.

#14 Fundi Ramani
Wakuu, mimi nitetee mtu mmoja anayechekwa kila mwaka: Fifield. Mjiolojia mwenye vile vidude vinavyoruka na kuchora ramani ya jengo lote, halafu yeye na Millburn ndio wanapotea. Watu wanasema hapo waandishi walilala.

Kazi yangu ni upimaji. Niliwahi kushuka kwenye handaki nikiwa na kifaa cha kupimia mkononi, macho kwenye skrini tu, nachukua pointi moja baada ya nyingine. Wenzangu ambao hawakushika chochote walikuwa wanaangalia kuta, wanakumbuka: hapa tulikata kushoto, hapa kuna unyevu. Kifaa kilipozima nilisimama palepale sijui nilikotokea. Walionitoa ni wale wasio na kifaa. Sasa tazama vizuri: ramani nzima inaonekana kwenye meza ya chombo, kwa nahodha Janek. Fifield ana hofu, amekasirika, amemwona maiti wa Injinia, anataka kuondoka tu. Mtu wa hali hiyo anapotea hata mlangoni.

Anayenishinda ni Millburn. Mwanabaolojia, kiumbe kinanyanyuka majini kama swila na kutanua shingo, yeye anakiita kwa sauti ya kubembeleza na kunyoosha mkono. Mwalimu atusaidie hapo.

#15 mwl_seli
Sina la kusaidia. Kila mnyama anayetanua shingo anakwambia rudi nyuma. Hilo hata asiyesoma analijua.

#16 Nesi wa Zamu
Habari zenu. Mimi nimekuja kwa ile mashine ya upasuaji.

Shaw anajua kuna kitu tumboni, anakimbilia mashine iliyo kwenye makazi ya Vickers, mashine inamwambia imepangwa kwa wagonjwa wa kiume tu. Wengi niliotazama nao walicheka, wakaona ni kosa la hadithi. Mimi nilishtuka. Kwa nini mwanamke awekewe chumbani mashine isiyomhusu? Pale ndipo nilipojua kuna mwanaume mgonjwa chomboni, na kweli Weyland akatokea baadaye. Ile mashine ndiyo iliyomtangulia kutupa habari.

Kilichonishinda ni baada ya pale. Nimewanyanyua kitandani wagonjwa waliochanwa tumbo. Siku ya kwanza kukaa tu ni kazi, na akitaka kukohoa unampa mto aukumbatie juu ya kidonda, anakushika mkono mpaka kucha zinaingia. Shaw anashonwa kwa pini za chuma, anajidunga sindano, anatoka anakimbia, anaruka mapengo. Walau Noomi Rapace anaigiza maumivu kila anapotua, mkono haubanduki tumboni. Kwa hilo namheshimu.

Na jambo moja sijasikia mtu akilisema. Anatoka pale na damu, na nguo ya ndani tu, anaingia chumba alichomo Weyland. Mzee amekaa, David anamwosha miguu. Hakuna anayemuuliza umefanywa nini. Kidogo tu ndio wanamfunika. Ningekuwa mimi ningelia hapo kuliko kwenye mashine.

#17 MtazamaNyota
Dada Nesi, umenikamata. Hilo la kuoshwa miguu nimelipita mara zote.

#18 Usiku wa Manane
Kuoshwa miguu linaturudisha kwenye nadharia kubwa ambayo hakuna aliyeigusa bado. Mwili wa Injinia waliyemkuta mlangoni ulipimwa, ikaonekana alikufa miaka 2,000 iliyopita, zaidi au pungufu. Walikuwa wanapakia majimaji meusi waje Duniani, wakapatwa na ajali yao. Miaka 2,000 kabla ya 2093. Na chomboni Janek anapamba mti wa Krismasi.

Hii si ndoto ya mashabiki. Scott mwenyewe alikiri kwenye mahojiano kwamba waliwaza hivyo hivyo: watu walipozidi ukatili enzi za Warumi, Mainjinia walituma mjumbe mmoja wa mwisho, naye akasulubiwa. Akasema waliliondoa kwenye muvi kwa sababu lilikuwa wazi mno. Lakini mifupa yake waliiacha. Ndiyo maana Injinia anaamka na hasira: kwake yeye habari ya msalaba ni ya jana.

#19 Mzee wa Kideo
Kuwaza ni jambo moja, kuweka kwenye muvi ni jingine. Kwenye muvi hakuna mjumbe, hakuna msalaba zaidi ya ule wa shingoni mwa Shaw. Mimi nakwenda na Janek. Yule nahodha wa Idris Elba ndiye mwenye akili kuliko wanasayansi wote. Aliwaambia pale si kwao, ni kambi ya silaha, na hawakuwa wajinga wa kutengeneza silaha kama hizo mlangoni kwao. Injinia yule ni askari. Alilala akiwa na amri ya kuja kutuangamiza, ameamka, mbele yake wamesimama wale wale aliotumwa kuwaua, na wana bunduki. Alianzia pale alipoachia. Hakuna fumbo.

#20 Binti Sayari
Kama ni askari tu, kwa nini alimpapasa David kwanza?

#21 Mzee wa Kideo
Hapo umenibana. Labda alikuwa anapima ni kitu gani.

#22 Binti Sayari
Ndiyo ninakokwenda. Alipogusa alijua. Kiumbe ambaye kwake kuumba ni kujitoa mwili mzima, kuyeyuka majini ili wengine waishi, anakutana na viumbe wake wameumba kitumwa cha kuwaoshea miguu, na wanakileta kimwombee uhai wao uongezwe. Kwake hiyo ni kufuru.

Kumbukeni mazungumzo ya David na Holloway pale kwenye meza ya mchezo. David anauliza kwa nini mlinitengeneza, Holloway anasema kwa sababu tuliweza tu. David anamwambia afikirie angejisikiaje kusikia jibu hilo kwa aliyemuumba yeye. Halafu anamwekea tone la majimaji meusi kwenye kinywaji. Muvi nzima iko kwenye tone lile.

#23 Fundi Ramani
Kuna mtu aliwahi kunionyesha tukio refu lililokatwa, lipo kwenye diski. Injinia anazungumza. Anataka kujua wamefuata nini, na Weyland anajibu kwamba amemtengeneza David kwa mfano wake, kwamba yeye na Injinia ni wamoja, waumbaji, miungu, na miungu haifi. Hapo ndipo mambo yanaharibika. Hilo linambeba Binti Sayari.

#24 Usiku wa Manane
Linambeba, lakini Scott alilikata. Kilichokatwa na kilichofikiriwa ni ndugu. Mzee wa Kideo alinikatalia msalaba wangu kwa sababu haumo kwenye muvi, basi na hilo lisihesabiwe.

#25 Mzee wa Kideo
Haki ni haki. Nakubali, yote mawili yakae nje.

#26 Mgeni77
Samahanini wakuu, naomba kuuliza. Vickers ni roboti au mtu? Na mnyama wa mwisho kabisa ndiye yule wa Alien?

#27 Nesi wa Zamu
Vickers ni mtu, ni binti wa Weyland, anamwita baba. Janek alimuuliza kama ni roboti, naye akamwambia aje chumbani kwake baada ya dakika 10. Ila wapo wanaoamini vinginevyo mpaka leo, wanatazama jinsi anavyosimama sambamba na David na wote wawili wamepauka nywele.

Mnyama wa mwisho anafanana naye tu. Kichwa chake kimechongoka, mashabiki wanamwita Shemasi. Ametoka kwa Injinia aliyevamiwa na kile Shaw alichotolewa tumboni.

#28 Fundi Ramani
Na tusimsahau Vickers alivyokufa. Chombo cha duara kinabiringika nyuma yake, naye anakimbia kukifuata kinakoelekea. Hatua kumi kulia, dada angekuwa hai.

#29 Nesi wa Zamu
Mtu mwenye hofu anakimbia mbele, kaka. Wewe si ndiye uliyesimama handakini?

#30 Fundi Ramani
Nimekoma, dada. Nimemsamehe Vickers.

#31 mwl_seli
Tukiwa kwenye Vickers: anasema wako nusu bilioni ya maili kutoka Duniani. Hiyo ni kama kilomita milioni 805. Jupiter peke yake huwa kati ya kilomita milioni 588 na 968 kutoka kwetu. Yaani hawajatoka hata kwenye mfumo wetu wa jua. Wakati skrini mwanzoni imeandika wazi tarehe 21 Desemba 2093, wafanyakazi 17, umbali kilomita trilioni 327. Gawanya kwa trilioni 9.46 za mwaka wa nuru, unapata karibu miaka 34.6 ya nuru. Wamesafiri miaka miwili na miezi kadhaa, maana yake wamekwenda mara 14 ya kasi ya nuru. Sawa, ni hadithi, nakubali mwendo. Sikubali Vickers.

#32 Mzee wa Kideo
Na David anapoulizwa na Vickers wamesafiri muda gani anataja miaka miwili, miezi minne, siku 18, saa 36 na dakika 15. Saa 36! Hiyo ni siku 19 na nusu, na anayesema ni mashine.

#33 MtazamaNyota
Hilo linanirudisha kwenye hoja yangu, mzee. Labda alimpima Vickers kama anamsikiliza. Hakuna anayemsikiliza David kwenye muvi ile, wanamwagiza tu. Nani angejua akigeuza neno?

#34 Mfasiri
Nimekuwa nasoma kimya. Kutafsiri ndiyo kazi yangu, kwa hiyo niseme kidogo.

Mleta mada anauliza kama David aligeuza maneno. Mzee wa Kideo anasema hakugeuza. Wote mnatazama sentensi aliyoitoa. Mimi natazama ambayo hakuitoa. Pale kulikuwa na watu wawili wenye maneno: Weyland na Shaw. Shaw aliuliza mizigo ile ni ya nini, tumekosa nini, kwa nini mnatuchukia. David alikuwa na lugha ya kuuliza. Hakuuliza. Alichukua ombi la mzee anayetaka kuishi, akaacha swali la mwanamke aliyepigwa tumboni. Hilo si kudanganya. Sisi tulio kwenye kazi hii tunajua kwamba unaweza kumwangusha mtu bila kubadilisha hata neno moja, kwa kuchagua tu la kupeleka.

Niliwahi kukaa kando ya kitanda cha mzee mgonjwa nikitafsiri kati yake na daktari. Daktari alisema maneno mengi, na mwana wa mzee akanikanyaga mguu chini ya kitanda. Nikafikisha nusu. Mzee hakunitazama mdomo, alinitazama usoni, akaniambia: "Na iliyobaki?"

Injinia alimwona Shaw akipigwa. Hakuhitaji lugha kuelewa kwamba yule alikuwa na neno na amezibwa. Kisha anakuja huyu mwenye lugha safi, uso umetulia, analeta ombi tu. Mimi pia ningemshika kichwa kumtazama vizuri.

#35 Binti Sayari
Mfasiri, nimesoma mara tatu.

#36 Usiku wa Manane
Na bado mwendelezo wa 2017, Covenant, ukaja kumzima Shaw kabisa. Anaondoka mwisho wa Prometheus amebeba kichwa cha David kwenye mfuko, anakwenda kwa Mainjinia kuuliza swali lile lile kwa mdomo wake. Miaka kumi na moja baadaye kwenye hadithi tunaambiwa ameshakufa, David amewamwagia Mainjinia majimaji meusi mji mzima, na mwili wa Shaw ameufanyia majaribio. Swali halikuulizwa tena. Waliolalamika 2012 kwamba Prometheus haina majibu, walipewa mnyama waliyemtaka, na swali likazikwa.

#37 Mzee wa Kideo
Tuseme ukweli, makelele yetu ndiyo yaliyochangia. Prometheus iliingiza zaidi ya dola milioni 400 duniani, lakini mitandaoni tulilia mnyama yuko wapi. Rasimu ya awali ya mwandishi Jon Spaihts, Alien: Engineers, iliposambaa mtandaoni wengi tukaisifia na kumlaumu Damon Lindelof, mwandishi aliyemfuata, kwa kuibadilisha. Nami nilikuwemo kwenye makelele hayo.

#38 mwl_seli
Mimi bado nashikilia DNA. Lakini la Mfasiri nimelipa alama zote.

#39 MtazamaNyota
Nimerudi kutazama tukio lile sasa hivi. Sijabadili msimamo kwamba David alitaka Weyland afe, ila naona hakuhitaji kudanganya. Binti Sayari na Janek wa Mzee bado wananisumbua, hasa mkono ule kichwani. Mfasiri, nikuulize ambalo halihusu muvi: yule mzee ulimwambia iliyobaki?

#40 Mfasiri
Nilimwambia yote. Mwanawe alitoka nje. Mzee akaniomba nimrudie neno la mwisho la daktari, polepole, kama lilivyotamkwa.